Msipite Mbele ya Kamera

Kamera ililetwa ndani ya mfuko wa plastiki, imeviringishwa kwenye taulo la mikono, waya wake umefungwa kwa kipande cha lastiki. Meneja aliiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya pazia la kijani ambalo dada yake alikuwa analipinda, akasema ni ya ofisini na wenyewe wameanza kuiulizia.

"Shikamoo, Dada. Nitolee hotuba yangu humo. Iingie kwenye kompyuta yako, halafu kadi uifute yote. Irudi tupu."

"Marahaba. Kwa nini irudi tupu?"

"Kitu cha ofisi hicho."

"Kwani ofisini hawajui kufuta?"

Meneja alitazama saa yake, akasema ana kikao, akaondoka bila kunywa hata maji. Dada yake aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akaigeukia kamera. Hakuigusa. Aliizunguka kwanza, kama anavyolizunguka dirisha la mteja kabla ya kulipima.

Watu wote walimwita Fundi, hata ndugu zake walipokuwa hawataki kumwita Dada. Alikuwa anashona mapazia katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya nyumba ya mama yao, na katika nyumba hiyo ndimo alimokaa na mama miaka yote ya uzee wake. Meneja alikuwa wa pili kuzaliwa. Jina hilo alilipata utotoni, kwa sababu alipenda kuwapanga wenzake kwenye mstari hata wakati wa kunawa mikono. Ofisi ilipompa cheo chenyewe, familia waliona imechelewa tu. Wa mwisho alikuwa Mdogo, ambaye alikuwa anauza kwenye duka la dawa na bado anaitwa Mdogo ingawa nywele zake zilikuwa zimeanza mvi.

Sherehe ya cheo ilifanyika hapo hapo kwa mama, kwa kuwa sebule yake ndiyo kubwa. Fundi hakuwepo. Alikuwa amesafiri kutundika mapazia kwenye mabweni ya chuo kimoja, na aliporudi kesho yake alikuta viti vimetolewa nje na mama amekwisha kufunikwa shuka.

"Alilala tu," Meneja alimwambia. "Tumemaliza shughuli, tunaingia kumuaga, tunakuta ameshatutoka. Hakuteseka."

Mdogo naye alimweleza maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, na alivuta pumzi pale pale kaka yake alipoivuta. Hapo ndipo machale yalipoanza kumcheza Fundi.

Yakamcheza zaidi alipofagia sebule. Nyuma ya kochi kubwa alikuta mkongojo wa mama, umeegemezwa vizuri ukutani. Mama hakuweza kutoka kitandani mpaka bafuni bila mkongojo ule. Hata akilala aliulaza pembeni yake, chini ya mkono. Fundi aliwauliza wenzake umefikaje pale.

"Labda watoto waliuchezea," Mdogo alisema.

"Watoto gani? Si mlisema walikuwa watu wa ofisini?"

"Basi labda mwenyewe aliuacha."

"Akarudi kitandani kwa kushika nini?"

Mdogo alikumbuka kwamba ameacha maji jikoni yanachemka, akainuka. Hakukuwa na kitu chochote jikoni. Toka siku hiyo Fundi alikuwa na swali moja, akilala nalo na kuamka nalo: mama alitoka chumbani siku ile au hakutoka, na kama alitoka, nani aliinuka kumshika? Hakutaka kitu kingine. Lakini kila alipouliza, Meneja aliruka kimanga, wifi yake, mke wa Meneja, akabadilisha mazungumzo, na Mdogo akajitia hamnazo.

Kwa hiyo kamera ile, pamoja na taulo lake, alikuwa anaijua thamani yake kabla hajaiwasha.

Ilikuwa kamera ya video ya kidijitali, ya miaka ya nyuma kidogo, ya kushikwa kwa kiganja kimoja. Ubavuni ilikuwa na kioo kidogo kinachofunguka kama kidirisha, na juu yake swichi ya kuchagua: upande huu inarekodi video, upande huu inapiga picha za kawaida, zilizotulia, na kuziweka kwenye kadi. Fundi alichaji betri, akafungua kile kidirisha, akatafuta hotuba. Hotuba haikuwepo. Hakukuwa na video hata ya kupepesa jicho.

Zilikuwepo picha, tena nyingi. Meneja alikuwa ameisimamisha kamera dirishani kwenye stendi ya miguu mitatu, akageuza swichi upande usio wake, akatia rimoti mfukoni. Kila alipoibonyeza, kamera ilipiga picha moja na kunyamaza, naye akadhani inaendelea. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka uhakika, kila alipotoa neno aliloliona zuri alibonyeza tena, ili liingie sawasawa. Fundi alicheka peke yake mpaka akalazimika kuweka mkasi chini. Meneja alikuwa amehutubia mchana kutwa mbele ya kifaa kilichokuwa kinampiga picha za kinywa.

Kisha akaacha kucheka, akaanza kuziangalia moja moja.

Zote zilikuwa zinafanana. Katikati, watu wa ofisini wamebanana kwenye kochi kubwa, wamenyooka, wanatabasamu kuelekea dirishani. Mwisho wa kochi, Mdogo, amebana mkoba mapajani. Pembeni, wifi kwenye kiti cha mikono. Mbele kushoto, karibu kabisa na kamera, Meneja amesimama ubavu, kidole juu, amewaelekea watu. Na nyuma yao wote, ukutani, mlango wa chumba cha mama, umefungwa. Fundi alirudia picha zote akitazama mlango tu. Ulikuwa umefungwa katika kila moja.

Akachomeka waya, upande mmoja kwenye kamera, upande mwingine kwenye kompyuta yake. Alikuwa anaijua kazi hiyo, maana madirisha ya wateja aliyapiga picha na kuyaingiza humo ili achoree mapazia juu yake. Alitengeneza folda, akaiita Sherehe. Meneja alitaka kadi ibaki tupu. Yeye akachagua kunakili, ili picha zibaki na kwenye kamera. Mstari wa bluu ulijaa taratibu kwenye skrini, ukafika mwisho, akafungua ya kwanza.

Mlango ulikuwa umeachia upenyo wa kiganja kimoja.

Fundi alitazama kioo cha kamera: umefungwa. Akatazama kompyuta: upenyo, na ndani yake giza, na chini kabisa ncha ya mkongojo. Hakushtuka. Kitambaa nacho huwa na rangi moja dukani na nyingine ukikitoa juani, na mteja mwenye akili hukitoa juani kabla ya kulipa. Alichokifikiria ni kwamba waya ule Meneja aliuleta yeye, na kitu chochote kilichotoka mkononi kwa Meneja siku hizi ilibidi kikaguliwe mara mbili. Akazifuta zile za kwenye kompyuta, akaanza upya.

Mara ya pili mama alikuwa amefungua mlango na kusimama kizingitini, amevaa gauni la kulalia lenye maua ambalo Fundi mwenyewe alilishona, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine kifuani. Watu kwenye kochi walikuwa bado wanatabasamu.

Fundi alifunika kompyuta, akaibeba pamoja na kamera na waya, akavaa viatu, akaenda mwisho wa mtaa kwa fundi kompyuta. Yule bwana alikuwa na simu iliyopasuliwa mbele yake na bisibisi mdomoni. Aliangalia kamera, akaangalia waya, akaipitia mashine ya Fundi picha kwa picha bila kuuliza huyo aliyeko mlangoni ni nani.

"Kamera iko sawa," alisema. "Waya nao uko sawa, ila ni wa zamani, unapitisha polepole. Na mtu mwenyewe naona ni mtu mzima."

"Ni mama yangu. Ameshafariki."

"Pole sana, mama. Basi ndiyo hivyo, mwendo wake ndio huo. Ukihamisha tena atasogea."

"Na nisipohamisha?"

Yule bwana alitoa bisibisi mdomoni. "Atakaa hapo hapo mlangoni," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Njia nzima Fundi alimfikiria mama amesimama kizingitini kwa miguu ile iliyovimba. Alikuwa amekwenda pale akiwa na mashaka tu. Alirudi akiwa na haraka. Hata viatu hakuvua.

Mara ya tatu mama alikuwa ametoka. Alishika ukuta. Mara iliyofuata alikuwa ameachia ukuta na kufika kwenye kabati la vyombo, na feni ya kompyuta ilianza kutoa harufu ya dawa yake ya kuchua. Fundi alikuwa anafuta, anachomeka, ananakili, anafungua, huku pazia la kijani la mteja limelala mezani na pini zake. Katika kila picha Meneja alikuwa ameinua kidole, na katika kila picha hakuna shingo hata moja iliyogeuka. Mama alifika nyuma ya kochi. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa kochi, pale mwisho, vidole vyake vikiwa sentimita chache kutoka kwenye bega la Mdogo. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

Hapo Fundi alisimamisha kazi, akampigia Mdogo simu, akamwambia aje achukue kitambaa chake cha meza kilichobaki kwa mama.

Mdogo alikuja akitoka kazini, bado na koti jeupe la duka la dawa. Fundi hakumweleza lolote. Alimvutia kiti mbele ya kompyuta, akafungua picha, akasimama nyuma yake.

Mdogo aliitazama muda mrefu. Alinyanyua mkono wa kulia, akaanza kujisugua bega la kushoto, taratibu, pasipo kujua kama anajisugua.

"Bega linakuuma?" Fundi aliuliza.

"Tangu siku ile. Nimepaka kila kitu cha dukani."

"Alikugusa?"

Mdogo aliendelea kulisugua bega.

"Mdogo, mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Alikugusa?"

"Kaka alisema msipite mbele ya kamera," Mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayemsomea mwalimu. "Alisema mtu asiinuke, asikohoe, asigeuke, atakayegeuka ataharibu rekodi nzima. Mabosi wake walikuwa pale. Nikasema akimaliza sentensi hii nitainuka. Akimaliza hii."

"Na alimaliza?"

"Kaka unamjua. Ana viunganishi vingi."

Alichukua kitambaa chake cha meza, akakikunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaondoka akijisugua bega. Fundi alibaki amesimama. Roho ilimuuma, na alijua ilikuwa inamuuma kwa ajili ya wote wawili, aliyegusa na aliyeguswa, na hilo lilimuudhi, maana alitaka kumkasirikia Mdogo kikamilifu.

Alinakili tena mara moja, ya mwisho. Mama hakuonekana. Kochi lilikuwa pale, tabasamu zilikuwa pale, mlango ulikuwa wazi nyuma yao na kitanda kikionekana kimefunuliwa. Ilimbidi aikuze picha. Kwenye pengo kati ya kochi na kabati, sakafuni, ulionekana ukingo wa gauni lenye maua na unyayo mmoja usio na ndara. Mkongojo ulikuwa umelala pembeni.

Akaikuza upande wa kushoto. Watu wote kwenye kochi walikuwa wameupa mlango kisogo. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ameuelekea, kwa kuwa alikuwa anawahutubia. Jicho la Meneja, lile lililoonekana kwa ubavu, lilikuwa limepita juu ya vichwa vya wageni na kutua pale pale penye ule unyayo. Kidole chake kilikuwa juu na kinywa chake kilikuwa katikati ya neno.

Meneja alikuja na mkewe siku ya mapumziko, wote wamevaa vizuri, kwa kuwa walikuwa wanapita tu kuelekea kwingine. Fundi aliwakaribisha kwenye chumba cha kushonea, siyo sebuleni, akawawekea picha. Wifi aliinama, akavaa miwani, akatazama.

"Mama huyo," alisema. "Lile gauni lilimpendeza."

Meneja yeye aliitazama kama anavyotazama ripoti ya mtu wa chini yake. Kisha akanyoosha mkono. "Leta kamera."

Fundi alimpa. Meneja alifungua kidirisha, akapekua picha mpaka ileile, akamgeuzia dada yake. Mlango umefungwa. Nyuma ya kochi hakuna mtu.

"Hii ndiyo ya asili," alisema. "Hiyo yako imepita kwenye waya."

"Mkongojo ulikuwa nyuma ya kochi. Niliukuta kwa mkono wangu."

"Dada, twende kwa utaratibu. Picha ya asili inaonyesha nini?"

"Nakuuliza wewe, sikuulizi picha. Ulimwona mama anaanguka?"

"Mimi naongelea kilichopo kwenye kamera."

"Waya huwa unachokonoa vitu," wifi alisema kwa upole. "Hata sisi nyumbani picha za harusi zilipopita kwenye waya, baba yangu alitoka amenuna."

"Mlimbeba nani na nani kumrudisha kitandani?"

Wifi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaivaa tena. Meneja aliirudisha kamera mezani na kuinamisha kichwa, akipiga hesabu ya mambo yaliyobaki. "Tuliwatoa wageni nje kwa picha ya pamoja," alisema hatimaye, kama anajibu swali jingine kabisa. "Ilikuwa ni busara. Sasa hebu niwekee hotuba niisikie, tunachelewa."

"Hotuba haimo."

"Haimo wapi?"

"Haimo popote. Uliweka swichi upande wa picha. Hakuna video hata moja, hata sauti. Ulikuwa unajipiga picha."

Meneja alimtazama dada yake, akaitazama kamera, akaitazama ile swichi. Aliisogeza upande huu, akairudisha upande huu. Kisha akakaa juu ya robota la vitambaa.

"Yote?" aliuliza.

"Hata neno moja."

Machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, ya mtu mzima, yanayofika kidevuni. Toka msiba uanze Fundi alikuwa hajamwona mdogo wake akilia, na aliyatazama kwa makini yale machozi, akitafuta kama kuna hata moja lililokuwa la mama. Wifi alimpigapiga mumewe mgongoni na kumwambia watu waliisikia, inatosha. Alipotulia alisema kamera ataipitia kesho jioni, akaondoka na mkewe.

Mama alibaki sakafuni. Hilo ndilo Meneja hakulibeba, na Fundi ndiye aliyelala nalo nyumba moja. Asubuhi akiwasha kompyuta achore dirisha la mteja, alijua mama yuko pale chini, nyuma ya kochi, unyayo wazi kwenye saruji. Alijaribu kufungua kazi yake tu na kuacha folda ile. Harufu ya dawa ya kuchua ilitoka vile vile. Kuna aliyemshauri akaisafishe ile picha studio, itoke kubwa kwenye karatasi, aibandike mahali watu waone. Fundi hakuwa mtu wa kusafisha picha ya mama yake akiwa sakafuni ili wapita njia waione. Alitaka mama ainuliwe. Aliyetakiwa kumwinua amekwisha kataa, basi angemwinua yeye.

Alikwenda jikoni, akachukua kiti cha mama, kile chenye mto alioushona kwa mabaki ya mapazia. Akakibeba mpaka sebuleni, akakiweka nyuma ya kochi kubwa, mahali pale pale alipokuta mkongojo. Akasimamisha kamera dirishani, kwenye alama za miguu ya stendi ambazo zilikuwa bado zimekaa kwenye zulia. Sebule ilikuwa tupu. Alipiga picha moja ya kiti, akachomeka waya, akaiingiza kwenye folda ya Sherehe pamoja na zile nyingine. Halafu akaenda kuanika nguo, ampe mama nafasi.

Aliporudi kiti kilikuwa kwenye picha zote, na mama alikuwa amekaa. Mkongojo ulikuwa mapajani, ndara zilikuwa miguuni, gauni limenyooshwa. Hakukuwa na hata picha moja tena yenye mtu sakafuni, kwa kuwa mama ni mmoja, na alipokaa alikaa kote. Fundi alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kushuka mpaka tumboni tangu arudi safari. Alimtazama mama kwa muda, akalivuta pazia la kijani, akaanza kulimalizia.

Jioni Meneja alikuja peke yake kuchukua kamera. Fundi alikuwa hajafunga kompyuta. Meneja aliinama kuchukua waya, akaona skrini, akasimama hivyo hivyo nusu ameinama.

"Amekaa," alisema.

"Nimemwekea kiti."

"Amekaa kabisa. Dada, si unaona? Ametoka chumbani mwenyewe, akaja, akakaa nasi." Uso wake ulikuwa umeanza kufunguka, kitu ambacho Fundi hakukiona tangu wakiwa watoto. "Nilikwambia hakuteseka."

"Meneja, kiti nimekiweka mimi leo asubuhi. Alikuwa chini. Ulimwona."

"Hebu nionyeshe hiyo ambayo alikuwa chini."

Fundi alipekua folda nzima, akakuta kiti kwenye kila picha. Meneja alisubiri kwa adabu, kama anavyowasubiri wafanyakazi wake. Kisha akatoa flashi mfukoni, akainakili ile picha yeye mwenyewe, bila kuomba, akaondoka na kamera ndani ya taulo lake. Ofisini waliifuta kadi kesho yake asubuhi.

Picha ilisafishwa kubwa. Watu wa ofisini walipewa kila mmoja ya kwake. Walijitambua kwenye kochi na wakafurahi. Mdogo alipewa, akaitundika dukani nyuma ya rafu za dawa ya kikohozi, na akasema bega limepungua kidogo, ila si sana. Wifi alileta ya sebuleni akiwa ameitia fremu ya dhahabu, na Meneja mwenyewe alipanda juu ya stuli kuipigilia msumari, ukutani, karibu na mlango wa chumba cha mama.

Wageni wakija huonyeshwa. Meneja husimama ubavu, kidole juu.

"Siku yangu kubwa," huwaambia. "Alikuwa mgonjwa, lakini alitoka, akakaa pale nyuma, akanisikiliza mpaka mwisho. Akarudi kulala. Ndiyo ikawa heri."

"Kiti nilikiweka mimi," Fundi alisema siku moja, mbele ya wageni, kwa sauti ya kutosha.

"Ulifanya vizuri sana, dada," mgeni mmoja wa kike alimjibu, akamshika mkono. "Watoto wa siku hizi hawawajali wazazi."

Wote wakakubaliana naye, wakaingia kwenye chai. Fundi alikwenda chumba cha kushonea, akafungua kompyuta. Watu wa ofisini walikuwa wamenyooka, wanatabasamu kuelekea dirishani. Mdogo alikuwa amebana mkoba. Hakuna shingo iliyogeuka. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anamtazama mtu mmoja tu aliyekuwa ameelekea upande wake, na mkono ule uliokuwa kifuani alikuwa ameuinua kidogo, kama wa mtu anayeomba aseme neno. Alikuwa anamsubiri mwanawe amalize.